Sukari ya Manispaa

Siku Manispaa ya Lukunde ilipopeleka rambirambi kwa mtu aliye hai, mji mzima ulicheka.

Aliyepeleka ni Ambilikile, dereva wa gari la taka namba nne, mtu mzima mwenye adabu zake. Alivua kofia tangu getini, akaweka uso wa msiba, mkono mmoja kashika pakiti ya sukari yenye mhuri wa Manispaa, mkono mwingine kadi ya pole. Akapiga hodi. Aliyeitika ni Mwalimu Gwamaka mwenyewe, mstaafu, jembe mkononi na matope mpaka magotini. Alikuwa anapalilia maharage.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona umenuna hivyo, nani kafa?"

Ambilikile akaitazama kadi, akaitazama namba ya nyumba juu ya mlango. "Hapa si mia mbili na sita?"

"Ndiyo hapa."

"Mnaishi wangapi?"

"Tangu mke wangu atangulie, niko peke yangu."

Ambilikile alikuna kichwa. "Basi, Mwalimu, utanisamehe, itakuwa ni wewe."

Mwalimu alicheka mpaka akaketi kwenye tuta. Akaipokea sukari, akabandika chai, wakanywa wawili hao wakimteta karani wa Manispaa. Jumapili akakisimulia kisa hicho kanisani, Jumatatu kwa kinyozi, na kila alipokisimulia alikiongezea chumvi. Siku ya tisa akafa. Sukari iliyobaki ndiyo waliyokorogea chai waliokuja kumzika, na hapo kicheko kikakatika.

Tangu siku hiyo Ambilikile hakupeleka tena. Katoni ya sukari ilibaki chini ya kiti cha gari lake, na mtu akimwona anaegesha karibu na nyumba yake bila kuzoa taka, alifunga mlango.

* * *

Kosa lilikuwa la Sekela Mwaisumo, na yeye alilijua kabla ya mtu mwingine yeyote.

Sekela ndiye aliyekuwa akipanga viwango vya ada ya taka pale Manispaa. Kazi yenyewe huwezi kuiringia harusini, ila hakuna aliyeijua Lukunde kumzidi yeye. Kila nyumba ilikuwa na kapu, na chini ya mfuniko wa kila kapu palikuwa na kitu ambacho watu walikiita pua: utando mwembamba wenye punje elfu kadhaa, kila punje ikivimba kwa harufu yake. Hakuna kamera, hakuna mtu wa kuchokonoa. Alfajiri pua zilituma zilichonusa, na mtambo uliokuwa katika chumba cha chini cha Manispaa, ulioitwa Mzani, ukaiwekea kila nyumba daraja. Maganda na mabaki yaliyokwenda kuwa mbolea yalikuwa kijani, ada ndogo. Chupa, karatasi na makopo ya kurejelezwa yalikuwa njano, na mwenye nyumba alirudishiwa kidogo. Vitu visivyooza wala kurejelezwa, pampasi, sindano, nguo zilizoloa mafuta, hivyo vilikuwa nyekundu, ada mara nne, na kapu liliwaka taa nyekundu mpaka gari lipite.

Watu walikubali kunuswa kwa sababu moja tu. Mwaka wa Mto, taka zilipoziba mto Lusika na kipindupindu kikapanda mitaani, Lukunde ilizika watu mia tatu na kumi na wawili. Baada ya hapo walisema sawa, leteni makapu, lakini kila mfanyakazi wa taka aape hadharani, mkono juu ya mfuniko: kinachoingia kapuni hakisemwi. Kwa mtu yeyote, kwa sababu yoyote. Sekela aliapa akiwa na miaka ishirini na sita, na miaka kumi na mitano hakuwahi kuvunja kiapo, hata alipojua ni diwani gani anayeficha chupa za konyagi ndani ya maganda ya ndizi.

Kosa lenyewe lilitokana na huruma. Pakitokea msiba Lukunde, mtaa mzima huhamia kwa wafiwa. Watalala pale, watapika pale, watachinja pale, na taka zote zitaishia kwenye kapu la mfiwa, halafu mwisho wa mwezi mfiwa analetewa ada inayotisha kuliko jeneza. Sekela akaandika kifungu: nyumba yenye msiba isitozwe siku saba, na ipelekewe sukari na pole. Tatizo, mfiwa gani ataacha kilio akapange foleni ya fomu? Ndipo akaamua Mzani uutambue msiba wenyewe. Akaulisha harufu za nyumba mia nne zilizowahi kufiwa. Na ili mtambo uone tofauti, akaulisha pia siku thelathini za kabla ya kila msiba.

Hizo siku thelathini ndizo zilizomharibia. Mzani haukujifunza jinsi msiba unavyonuka. Ulijifunza jinsi msiba unavyokuja.

* * *

"Huo Mzani umepatia mara ngapi?" aliuliza Mkurugenzi Kibona.

Ilikuwa Jumatano, saa nane mchana. Sekela hakuweza kukaa. Alisimama nyuma ya kiti, akaenda dirishani, akarudi, akashika kiti tena.

"Nyumba kumi na sita. Kumi na nne wamefiwa."

"Na mbili?"

"Wagonjwa wao walipelekwa hospitali mapema na ndugu zao, kwa sababu zao wenyewe. Wamepona, Mkurugenzi. Hicho ndicho kinachoninyima raha. Wakiwahi, wanapona."

Kibona alikuwa mtu mpole, wa kufuta miwani kila anapofikiri. Akaifuta. "Na leo ziko ngapi?"

"Saba."

"Zifute kwenye orodha. Kifungu cha msiba kisubiri msiba wenyewe. Kesho saa nne baraza linakaa, nataka uwasomee madiwani viwango vya mwaka ujao, basi."

"Na hao saba?"

"Sekela, mwanangu." Akavaa miwani. "Mwaka wa Mto nilizika mke na watoto wawili ndani ya siku nne. Wa tatu nilimzika bila sanda, sanda zilikwisha mjini. Sasa wewe nenda kamwambie mtu mmoja tu kwamba kapu lake limesema atakufa. Kesho yake nani atafungua mfuniko? Watafunga taka kwenye viroba, watakwenda nazo mtoni. Utaokoa saba, utazika mia tatu. Umeniletea hesabu, na mimi nakurudishia hesabu."

 Lililomuuma Sekela ni kwamba mzee yule hakuwa mbaya, na hakuwa amekosea.

"Nimekuelewa, Mkurugenzi."

Alirudi ofisini kwake kufuta. Nyumba ya kwanza akaifuta, ya pili, ya tatu. Ya nne ilikuwa mia moja na kumi na nane, Mtaa wa Isange, na mkono ukagoma.

Kwa shangazi Atupakisye.

Aliyemlea tangu ana miaka sita. Aliyeuza ndizi mbivu barabarani ili yeye asome, na ambaye sasa aliishi peke yake kwenye nyumba ileile yenye ukumbi wa mbao unaotazama barabara.  Sekela akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: akafungua kilichonuswa ndani ya kapu la mtu anayemjua.

Harufu nyingi hazikuwa na jina, namba tupu. Lakini dawa za hospitali Mzani ulizijua kwa majina, maana zilitakiwa kutengwa zikiwa nyingi. Vidonge viwili vya moyo, vizima, vimefungwa ndani ya ganda la ndizi. Jana. Na juzi. Na kila siku, siku ishirini na moja mfululizo.

Alirudisha zile tatu alizozifuta, akazitazama pia. Hakukuwa na dawa, namba tupu. Kila nyumba ilikuwa na sababu yake ambayo Mzani pekee ndio ulioielewa. Akachukua mkoba na kutoka, kompyuta akaiacha wazi.

* * *

"Umekuja mikono mitupu, na uso wa mdai kodi," alisema shangazi Atupakisye. Alikuwa amekaa ukumbini, miguu juu ya kigoda. Ng'ambo ya barabara watoto wawili wa Mama Lusajo walikuwa wanapiga mpira wa matambara, na mdogo wao, hata kutembea vizuri bado, alikuwa anaufukuza kwa makalio.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kaa, basi. Mbona unazunguka kama kuku anayetaka kutaga?"

Sekela alikaa, akasimama. Aliitazama miguu ya shangazi. Ilikuwa imevimba, ngozi inang'aa. Kwa nini hakuiona wiki iliyopita? Aliiona. Alidhani ni uzee.

"Shangazi, dawa za moyo unakula?"

"Nakula."

"Kila siku?"

"Asubuhi mbili, na chai. Daktari kakutuma?"

Hapo ndipo Sekela alipokwama. Angesema nini? Akisema *najua huzili* ataulizwa umejuaje, na jibu lilikuwa moja tu, na jibu hilo aliapa kulizika. Mto mzima ulikuwa nyuma ya mdomo wake. Alimtazama mwanamke aliyemfundisha kusema kweli akimdanganya bila kupepesa, naye akakaa kimya kwa ajili ya kiapo, akajiona mjinga, akajichukia.

Gari namba nne lilikuwa linapanda mtaa kwa mzunguko wa jioni. Sekela akatoka ukumbini karibu mbio, akamsimamisha Ambilikile.

"Ile katoni bado unayo?"

"Ipo, mama. Naogopa hata kuigusa."

"Nipe moja."

Alirudi na pakiti, akaiweka mezani mbele ya shangazi, mhuri wa Manispaa ukiwa juu.  Kiapo kilimkataza kusema, na hakika hakusema.

Shangazi Atupakisye aliitazama ile sukari muda mrefu. Mwalimu Gwamaka alikuwa amekaa benchi moja na yeye kanisani miaka thelathini.

"Kumbe," akasema mwishowe. Sauti ilikuwa ndogo. "Sikudhani imefika huko."

"Kwa nini, shangazi? Dawa si za bure?"

"Za bure. Ila zinanikojoza. Zile za kutoa maji mwilini, unajua. Nakojoa kitandani, mimi, mtu mzima na akili zangu. Muuguzi akanipa pampasi. Nikavaa. Siku ya tatu kapu likawaka nyekundu, hapo nje, mchana kweupe. Mama Lusajo akavuka barabara kuniuliza, kwa upole kabisa, 'Bibi, una mgonjwa ndani?' Watoto wakasimamisha mpira wakawa wanaitazama ile taa. Nililala chumbani siku mbili." Alivuta kanga akafunika miguu. "Nikakaa nikafikiri. Nikiacha dawa, sikojoi. Nisipokojoa, sivai. Wiki tatu sasa kapu langu kijani, hakuna kapu safi kama langu mtaa huu."



"Ile taa nani aliileta, mwanangu?"

Angeweza kusema ni baraza. "Mimi, shangazi. Nilikuwa nawataka wanaochanganya chupa na uchafu. Niliona aibu itawafundisha haraka kuliko ada."

"Imefundisha," alisema shangazi, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyomliza Sekela. Alilia kwa sauti, kichwa kwenye mapaja ya yule mzee, kama alivyolia zamani akitoka kuchapwa shule. Alipomaliza aliingia ndani, akatafuta dawa, akaleta maji, akamsimamia mpaka akameza vyote viwili. Kisha akachukua kijiko jikoni, akatoka nje, akaichokonoa taa ya kapu mpaka ikang'oka na nyaya zake. Kuharibu mali ya Manispaa kuna faini. Yeye ndiye aliyeipanga.

"Kesho asubuhi nakupeleka hospitali."

"Na wenzangu?" aliuliza shangazi.

"Wenzako wapi?"

"Sukari ya Manispaa haiji nyumba moja. Nilikulea mimi, sikukulea mjinga, na wewe usinione mjinga. Wangapi?"

 Sekela akaonyesha vidole sita.

"Mimi nimeletewa kwa sababu nilikulea. Hao sita hawakukulea, basi wafe?"

"Shangazi, watu wakijua, watarudi mtoni."

"Mto naujua. Nilizika pia." Aliisogeza pakiti pembeni, taratibu. "Sikwambii la kufanya. Ila mimi sitaweza kuinywa chai yenye sukari hii."

* * *

Alhamisi alfajiri Sekela alimfikisha shangazi hospitali, akamkabidhi kwa daktari aliyefoka kwa kuona ile miguu, kisha akapitia ofisini. Alichapa viwango vya mwaka ujao. Daraja jekundu lote alilipiga mstari: hakuna taa, pampasi na taka za wagonjwa zitozwe sawa na maganda. Pengo la mapato lililobaki aliliacha wazi, madiwani wajaze wenyewe. Akaweka karatasi juu ya meza ya Mkurugenzi, na juu ya karatasi kitambulisho chake cha kazi.

Ambilikile alikuwa amelisugua gari likanukia sabuni.  Aliweka pakiti sita kwenye kiti, wakaondoka.

Nyumba ya kwanza, kijana mmoja alipokea, akaitazama sukari, akaita ndani, "Baba, vaa viatu." Ya pili walimfungia mlango, akaiacha kizingitini, na alipogeuka akasikia mlango ukifunguliwa. Ya tatu mama mmoja alimtukana matusi yasiyoandikika, akamnyang'anya pakiti, akakimbia kwa jirani mwenye pikipiki. Ya nne na ya tano walipokea.  

Habari zilitangulia mbele ya gari. Walipofika darajani, palikuwa na wanawake wawili na mzee mmoja, kila mmoja na kiroba kwapani, wanatazama maji ya Lusika. Mmoja Sekela alimfahamu, waliimba kwaya pamoja. Walipoliona gari la Manispaa waligeuza nyuso. Hakuna aliyetupa, lakini hakuna aliyeondoka.

"Unawaona?" Ambilikile aliuliza.

"Nawaona."

"Nigeuze?"

Saa ilikuwa nne kasorobo. Simu ya Sekela ilitetemeka mfukoni, jina la Mkurugenzi. Mzee alimwambia itakuwa hivi, na imekuwa hivi, kabla hata baraza halijafunguliwa. Pakiti iliyobaki ilikuwa moja.

"Pandisha Isange," alisema.

Hiyo aliiweka mwisho makusudi. Mia moja ishirini na moja, ng'ambo ya kwa shangazi. Tangu jana alikuwa anakwepa kuwatazama wale watoto.

Mama Lusajo alikuwa anaanika nguo. Aliuona mkono wa Sekela, akaona mhuri, kibanio kikamdondoka. Hakukiokota. Mume wake, Nsajigwa, fundi seremala, alitoka na misumari mdomoni, akaitema kiganjani mmoja mmoja.

"Ni kosa," alisema Mama Lusajo. "Bibi wa ng'ambo ndiye mgonjwa. Mmekosea nyumba."

Sekela alitikisa kichwa. Aliinyoosha ile pakiti, na mwanamke akaipokea, maana mtu akikunyooshea kitu kwa mikono miwili huwezi kuikataa mikono yake.

"Ya nani?" aliuliza Mama Lusajo.

Hapo kiapo hakikuwa na kazi tena. Hata angetaka kukivunja, hakuwa na cha kuvunja. Kapu lilinusa nyumba, halikunusa jina. Usiku alirudi ofisini kuitazama ile safu ya namba, hakuambulia kitu.

"Sijui," alisema Sekela. "Haki ya Mungu, mama, sijui."

"Humu tuko watano."

"Basi twendeni wote watano."

Ambilikile alikuwa ameshatandika mkeka nyuma ya gari. Nsajigwa alimnyanyua Lusajo, akamnyanyua wa kati, na watoto walishangilia kupanda gari la taka, wakauliza kama litapiga honi. Likapiga. Sekela alikaa mbele, simu inatetemeka, haikupokelewa. Walipopita darajani hakugeuza macho kuhesabu viroba.

Nyuma yake Mama Lusajo alikuwa amepakata mdogo kwa mkono mmoja na sukari kwa mkono mwingine. Alimtazama mumewe. Akamtazama Lusajo, akamtazama wa kati, akamwinamia mdogo, akajitazama viganja vyake mwenyewe. Kisha akaanza tena na mumewe.